Kinga ya wa kwanza: kisa cha baba na deni lake Katuba

Jumapili ya kwanza baada ya proklamasio, siku shule zinapotangaza matokeo ya mwaka, mama mmoja wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, alifika kwangu na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mlikuwa na buletini mbili, ripoti za shule, moja ya mwanawe wa darasa la tano na nyingine ya bintiye wa darasa la nne. Salamu zilikuwa fupi. "Metre," alisema, "kuja utuamue. Papa na mutoto hawasemezane tangu tarehe mbili."

Metre ni mwalimu. Nilifundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), miaka mingi, na tangu niache chaki nimo katika komite ya wazazi, kwa hiyo mashauri ya namna hii hunifikia: mtoto amegoma kwenda shule, mwalimu amemwita mzazi na mzazi hataki kwenda. Mengi huisha kabla chai haijapoa. Hili lilinichukua karibu wiki tatu. Nimewaomba wenyewe niliandike bila majina, wakakubali. Baba alikubali akicheka, jambo ambalo wiki ya kwanza lisingewezekana. Mvulana nitamwita Yaya, maana ndivyo dada yake anavyomwita. Wasomaji wa pwani wasishangae: huku kwetu yaya si mlezi wa kuajiriwa, ni ndugu mkubwa. Binti nitamwita Kadogo. Na kinga ni baiskeli.

Sentensi ya maneno manne

Baba ni mchomeleaji, suderi kama tunavyosema: milango, madirisha, portaye, yaani mageti, za watu wenye uwanja mkubwa. Mwezi wa tisa, siku watoto walipojaribu nguo zao za buluu na nyeupe, alimwambia Yaya mbele ya nyumba nzima: "Ukikuwa premye, nitakupatia kinga."

Premye ni wa kwanza darasani. Hakuna aliyeona tatizo. Yaya alikuwa ametoka darasa la nne akiwa wa pili, asilimia 76, mwenendo TB, yaani vizuri sana. Baba alitaka asogee hatua moja. Kinga nayo, kwa mtoto wa Katuba, si mchezo tu. Ukikaa barabarani asubuhi unawaona wanaume wakisukuma kinga zilizobebeshwa magunia ya makala, yaani makaa, kutoka porini, mzigo mkubwa kuliko mwenye kuusukuma. Kijana mwenye kinga anatumwa, anarudi haraka, anapewa chenji.

Lakini ile sentensi ina shimo, na nitalirudia, kwa sababu kisa chote kilipitia humo. Darasani walikuwa 58. Wa kwanza alikuwa anajulikana tangu darasa la pili: mtoto wa parseli ya nne kutoka kwao, yaani kiwanja cha nne, rafiki wa Yaya, waliyekuwa wakifanya naye devwari, kazi za shule za nyumbani, kila jioni. Baba alisema "soma". Mtoto akasikia "mpite huyu".

Mwaka ulivyokwenda

Haya nimeyakusanya kwa mama, kwa mwalimu wa darasa, na mwishoni kwa Yaya mwenyewe, ambaye alisema kidogo lakini hakusema uongo.

Hadi Oktoba walisoma pamoja kwa yule rafiki, kwa sababu kwao kuna sahani ya jua na taa haizimiki. Kwa akina Yaya umeme unakuja na kuondoka utakavyo. Mwezi wa kumi na moja Yaya akasema atasoma peke yake, akawa anasoma kwa mshumaa. Mama alifurahi, akadhani mtoto amekuwa mkubwa. Kisha rafiki akashikwa na malaria, akakosa shule karibu wiki nzima, na akamtuma mdogo wake kuja kuazima madaftari. Yaya akamwambia madaftari ameyaacha shuleni. Yalikuwa chini ya godoro. Mama aliyaona alipotandika kitanda, akanyamaza. "Nikasema ni mambo ya batoto," aliniambia, na nilimwona akikunja kona ya bahasha.

Mwalimu wa darasa alikuwa na lake. Zamani Yaya alikuwa mtoto wa kueleza wengine. Mwalimu alikuwa akimtumia kama mkono wa pili, na katika darasa la watoto 58 mkono wa pili si jambo dogo. Tangu 2019, shule ya msingi ya serikali ilipofanywa bila malipo, madarasa yetu yamefurika, na mwalimu asiye na wasaidizi kama hao hamalizi kusahihisha hata kwa taa ya usiku. Mwaka huu Yaya aliacha kueleza. "Nikitoa intero," mwalimu alisema, akimaanisha jaribio la darasani, "anauliza mwenzake amepata ngapi kabla hajatazama yake." Nusu pointi alikuwa akiigombania mpaka nje ya mlango.

Baba naye alikumbuka kitu nilipomhoji, na kwangu hiki kilikuwa kizito kuliko vyote. Miaka ya nyuma Yaya alikuwa akikaa kwenye karakana, anachukua chaki ya kupimia chuma, anapiga hesabu juu ya bati la portaye ambayo haijapakwa rangi: sehemu, eneo, hesabu za kujitungia mwenyewe. Baba alikuwa akizifuta kwa kitambaa kabla ya kupaka. "Mwaka huu sikufuta kitu," alisema.

Trimestri ya kwanza Yaya alipata 75, wa pili. Ya pili akapata 72, wa pili tena. Wakati wa likizo ya Pasaka baba wa yule rafiki akapata kazi Kolwezi, kama kilomita mia tatu kutoka hapa, familia ikapakia vitanda na ikaenda. Trimestri ya tatu Yaya akapata 68. Jumla ya mwaka ni asilimia 71,6. Nafasi: 1 kati ya 57.

Tarehe 2 Julai mkuu wa shule alisoma palmaresi, orodha ya matokeo, kama desturi, na jina la Yaya likaitwa mbele ya yote. Watu wakapiga makofi. Jioni, kwenye baridi ile yetu ya Julai, baba akafungua buletini karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na kuweka mbele yake ya mwaka uliopita. Mwaka jana 76, wa pili. Mwaka huu 71,6, wa kwanza.

"Unashuka, kisha nikupatie kinga?"

"Papa, ulisema premye. Haukusema pursantaji."

Baba alicheka kwanza. Kisha akakasirika, kwa sababu mtoto hakucheka. Mwezi ule kazi ilikuwa kidogo, umeme ulikuwa ukikatika mchana kutwa, na suderi bila umeme ni mtu aliyekaa tu. Alipokuja kwangu siku ya pili yake alikuwa bado moto: "Metre, mutoto ananidai sawa bayeri!" Bayeri ni mwenye nyumba anayekuja kudai kodi, na mtu yeyote aliyewahi kupanga Lubumbashi anaijua sauti ile ya kubisha mlango.

Nilimwambia mtoto ana haki. Nikamwambia pia kwamba yeye hajakosea kuona mtoto ameshuka. Wote wawili walikuwa wakisoma sawasawa kilichoandikwa.

Buletini ya pili

Kabla sijaenda mbali, ile bahasha ilikuwa na karatasi nyingine ambayo mpaka siku hiyo hakuna aliyeizungumzia. Kadogo: trimestri ya kwanza 43, kwa wino mwekundu. Ya pili 55. Ya tatu 64. Mwaka mzima 54, nafasi ya 31 kati ya 55. Amepita.

Nilimwuliza mama, "Huyu mlimwambia nini siku ya proklamasio?"

"Tulimwambia aangalie yaya yake."

Mzazi akifungua buletini, jicho linashuka moja kwa moja kwenye asilimia na nafasi. Mistari miwili ya chini, ule wa bidii na ule wa mwenendo, wengi hawaifikii. Wanatia sahihi na kufunga. Kwa Yaya mstari wa mwenendo ulikuwa umetoka TB, ukapita B (vizuri), hadi AB (vizuri kiasi). Kwa Kadogo mstari wa bidii ulikuwa umepanda ngazi mbili. Buletini zilikuwa zimeshasema yote niliyokuja kugundua kwa wiki tatu.

Kadogo alipandaje? Mama anauza unga wa bukari, yaani ugali, kwa meka, chombo cha kupimia, katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Mwezi wa kwanza macho yake yalianza kumsumbua usiku, akamwomba binti amwandikie hesabu za siku: gunia limetoa meka ngapi, ngapi zimekopeshwa, dola imebadilishwa kwa franga ngapi asubuhi na ngapi jioni. Daftari hilo likawa kazi ya Kadogo. Mwezi wa tatu alimkuta mama amejipunja kwenye gunia moja na akamwonyesha ni wapi. Hakuna aliyeita jambo hili somo, wala zawadi. Mama alisema, "Ile ni kunisaidia tu."

Nafasi ni ya nani?

Sasa lile shimo. Asilimia kwa sehemu kubwa ni ya mtoto mwenyewe. Nafasi ni ya darasa zima. Ili Yaya awe wa kwanza, watoto 57 walipaswa kubaki nyuma yake, na katika hao 57 ni mmoja tu aliyekuwa na maana. Ukimwahidi mtoto kinga kwa kumpita mtu mmoja, una hakika gani atachagua kupanda badala ya kumshusha yule? Njia zote mbili zinafika kwenye nafasi ile ile, na ya pili ni nyepesi: ni kusogeza godoro tu. Malaria ya rafiki ikawa habari njema. Kazi ya Kolwezi ikawa habari njema zaidi. Baba hakukusudia kumfundisha mwanawe kufurahia homa ya mwenzake, lakini ndicho alichokuwa ameweka kwenye mizani.

Kuna majaribio yaliyofanywa kwingine yanayosaidia kuona hili. Mchumi wa Marekani Roland Fryer alilipa wanafunzi pesa taslimu katika miji kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2011. New York walilipwa kwa alama za mitihani, Chicago kwa alama za masomo yao. Matokeo ya mitihani ya pamoja hayakupanda. Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake, na uwezo wao wa kusoma ukapanda. Wale wa New York walipoulizwa wangefanya nini ili wapate pesa zaidi, walitaja mbinu za kujibu mtihani; hawakutaja kusoma zaidi wala kumwuliza mwalimu. Walikuwa wanaitaka zawadi kabisa, ila njia ya kuifikia hawakuijua. Kitabu kimoja mtoto anajua namna ya kukimaliza. "Uwe wa kwanza" haina mlango wa kuingilia.

Hapo ningeweza kuishia na kusema zawadi za nafasi ni mbaya. Ila kuna Busia, na Busia ni karibu nasi kuliko Dallas. Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2001, shirika moja lilitangaza kwamba wasichana wa darasa la sita watakaokuwa katika asilimia 15 ya juu watalipiwa karo shilingi 500 kwa mwaka, na familia ipewe shilingi 1.000 kwa vifaa, miaka miwili mfululizo, pamoja na kutambuliwa mbele ya watu. Michael Kremer, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, na wenzake Edward Miguel na Rebecca Thornton walifuatilia. Katika wilaya ya Busia alama zilipanda, hata kwa wasichana ambao hawakuwa na matumaini ya kushinda, na walimu wakaanza kufika shuleni zaidi. Katika wilaya jirani ya Teso mambo hayakwenda hivyo, lakini Busia ni ushahidi ambao siwezi kuufunika.

Nayo ilikuwa zawadi ya nafasi! Nimeipigia kichwa. Ninavyoona, tofauti iko katika upana wa mlango. Busia washindi walikuwa wengi, na walipimwa kwa shule nyingi kwa pamoja. Kumficha mwenzako daftari hakukupi kitu, maana mshindani wako yuko kijiji usichokijua; kumsaidia mwenzako hakukupunguzii. Mwalimu naye ana sababu ya kuinua darasa lote. Kwa Yaya mlango ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na uso, na jina, na parseli ya nne.

Kuhusu zile hesabu za chaki kwenye bati, lipo jaribio la zamani la Marekani, la Mark Lepper na wenzake, 1973. Walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa mapema cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe mwekundu iwapo watachora; wengine wakapewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora; wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, rangi zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa walichora kidogo kuliko wenzao wote. Kuchora kulikuwa kumegeuka kazi ya mshahara, na mshahara umekwisha. Hili linawahusu watoto waliokuwa tayari wanalipenda jambo lenyewe. Kadogo asiyependa hesabu ni habari nyingine, na hapo sina ugomvi na zawadi ndogo kama biskuti.

Kuzunguka mbabula

Tulikaa jioni moja uani kwao, baridi imeshika, mbabula katikati: baba, mama, watoto wawili, mimi, na nkambo, baba yake mama, mzee aliyefanya kazi miaka thelathini katika kampuni moja kubwa ya hapa na kuondoka na makaratasi mengi kuliko pesa. Nilikuwa nimepanga hotuba. Haikuhitajika.

Baba alieleza upande wake: asilimia imeshuka, mwenendo umeshuka, atatoa kinga mtoto akirudi kwenye 76. Yaya alitazama makaa. Mzee akasema, polepole, "Miye najua kungojea kitu waliniahidi. Lipeni mutoto."

Hakuna aliyeongeza. Lubumbashi ni mji ambao nusu ya nyumba zake zina mzee wa namna hiyo. Wazee hao wamekula mposho wa juma kwa juma, wamesomesha watoto kwa kampuni, kisha wakajua maana ya mtu kubadilisha masharti wewe ukiwa umeshamaliza kazi yako. Nilichotaka kumweleza baba kwa dakika kumi, mzee alikimaliza kwa pumzi moja: ukiongeza sharti la asilimia leo, mtoto atajifunza kwamba anayedaiwa ndiye anayeandika mkataba upya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ulikuwa kulipa, na kulipa yote, bila kukata. Wa pili ulikuwa kutenganisha. Suala la daftari chini ya godoro lizungumzwe kama suala la daftari, kinga isitajwe kabisa. Hapa mama hakukubaliana nami mara moja. Aliona ni kumpa mtoto zawadi ya ubaya wake. Ninaelewa. Lakini kinga ilikuwa bei ya nafasi, na nafasi ameileta. Ukikata bei kwa ajili ya daftari, unamwambia kuwa tabia nayo ina bei, na ataanza kuuliza ni shilingi ngapi.

Kisha nikamwuliza Yaya swali moja tu: mwaka huu umefanya nini ambacho ungependa kukifanya tena? Alikaa muda mrefu mpaka nikadhani hatajibu. Akasema, "Kama angekuwako, singekuwa premye."

Hakulia, wala hakuomba msamaha. Alikuwa amejua tangu siku ya makofi. Nilimtazama baba, na nikaona ule mshipa wa shingo umelala. Kwa wiki nzima alikuwa amedhani mwanawe ni mjanja anayemchezea maneno. Kumbe mtoto alikuwa amebeba ushindi ambao hakujua auweke wapi, na kinga ndiyo ilikuwa kitu pekee cha kumthibitishia kwamba ni ushindi kweli.

Malipo

Baba alikuwa na dola 25. Kinga iliyotumika, soko la Kenya, ilikuwa inaombwa 70, ingeshuka hadi 60. Alitaka kukaa kimya mpaka pesa ipatikane, kama wengi tufanyavyo, kwa kuona aibu ya kumwambia mtoto kuwa huna. Nilimsihi ataje tarehe. Akamwambia: 25 hizi atamkabidhi muuzaji amwekee kinga, zinazobaki zikifika pesa za ile portaye ya mwezi wa nane. Yaya alikubali kwa kichwa. Tangu siku hiyo walianza kusemezana, na kinga ilikuwa haijafika bado.

Kwa Kadogo baba alitaka kununua viatu, kusawazisha. Viatu si vibaya, lakini nilimwomba kwanza afanye jambo lisilo na gharama: asome buletini yake kwa sauti, mstari kwa mstari, kama alivyosoma ya kaka yake. Alisoma. Alipofika 43, 55, 64 akasimama. "Ulifanya nini?" Kadogo akaeleza habari za meka, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa kasi, akitaja gunia lile alilomwonyesha mama. Baba akamwuliza anataka nini. Niliona viatu vinakuja. Alisema anataka kwenda na mama Jumamosi kule unga unakonunuliwa kwa jumla, akaone magunia yanapimwaje.

Mwaka wote, daftari lilikuwa limemlipa kwa kitu ambacho hakuna mtu darasani angeweza kumnyang'anya: aliaminiwa, na kosa lake au usahihi wake vilionekana kesho yake sokoni. Sisemi kila mzazi ampe mtoto hesabu za biashara. Nasema katika nyumba hii zawadi iliyofanya kazi ndiyo ambayo hakuna aliyeitangaza.

Makubaliano ya mwaka mpya hayakuchukua muda. Nafasi haitaahidiwa kitu tena, kwa yeyote. Jumamosi watoto wa jirani wanaotaka kufanya devwari waje kwao, baba atatafuta taa ya kuchaji. Mtoto akifanya jambo zuri aambiwe ni jambo gani. Na ikitokea baba ana pesa siku fulani na amefurahi, anunue kitu bila kukitangaza mwezi wa tisa.

Mwalimu wa darasa nilipompa habari hizi alitikisa kichwa. "Bila premye hawasomi, Metre." Sikubishana naye sana. Yeye ana watoto 58 na sauti moja, na kumtaja wa kwanza ndiyo njia ya haraka ya kuonyesha kwamba kusoma kunaonekana. Nilimkumbusha tu poda. Matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, mtaa mzima unajua nani amepita kwa kumwona mweupe kutoka nywele hadi viatu. Wenzake wanammwagia, mama wanaimba, hata mpita njia anapata lake begani. Poda haiulizi wa ngapi. Aliyepita kwa 51 anamwagiwa sawa na aliyepata 78. Mwalimu akasema poda ni rahisi, pakiti moja. Nikamwambia ndiyo.

Kinga ilifika mwezi wa nane, nyekundu, breki moja. Wiki ya kwanza Yaya hakumwazima mtu. Wiki ya pili akamfundisha Kadogo, ambaye aligonga ukuta wa jirani na kuchubuka goti. Kuhusu rafiki wa Kolwezi, nilikuwa nimependekeza apigiwe simu, na mama akapata namba, lakini Yaya alisema bado. Sikumsukuma. Sijui kama amepiga.

Mwezi wa kumi na moja, pointi za kipindi cha kwanza zilipotoka, nilikuwa nimepita kwao kuulizia mlango wangu wa jikoni. Yaya aliingia, akaweka buletini mezani na kusimama, kama mtu anayesubiri chenji. Alikuwa na 73, wa nne. Baba aliifungua, kidole chake kikashuka, kikapita asilimia, kikapita nafasi, kikafika chini.

"Mwenendo, B," alisema. "Imepanda." Kisha akamwita Kadogo alete yake.